Programu imekataa kufanya kazi baada ya Windows kujisasisha: dalili, chanzo na namna ya kutengeneza

Microsoft hutoa masasisho ya usalama ya Windows kila Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa mbili au saa tatu usiku kutegemea msimu wa huko. Ndiyo maana simu nyingi za malalamiko humfikia fundi Jumatano na Alhamisi asubuhi. Kompyuta iliachwa ikiwaka usiku, ikajisasisha, ikajiwasha upya yenyewe, na mwenye duka alipofungua mlango akakuta programu ya mauzo haifunguki, au printa ya risiti imenyamaza, au folda ya pamoja ya ofisini haionekani tena. Hasira yake ni ya haki. Hakuomba chochote kibadilishwe, hakuambiwa kitakachobadilika, na wateja tayari wamesimama mbele ya kaunta.

Hata hivyo, kuliondoa sasisho mara moja, kama wengi wanavyoshauriana, kwa kawaida hakumalizi tatizo. Masasisho ya kila mwezi ya Windows ni ya kulimbikiza: la mwezi ujao hubeba ndani yake karibu yote yaliyokuwa katika la mwezi huu, kwa hiyo ulichokiondoa leo kitarudi baada ya wiki nne au tano. Linalosaidia zaidi ni kutambua kitu gani hasa kimebadilika. Mara nyingi sasisho limefunga mlango ambao programu ya zamani ilikuwa ikiupitia, na ukishaujua mlango huo unaweza kuitengenezea programu njia nyingine, halali na ya kudumu.

Kabla ya kugusa chochote

Nakili data kwanza. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimeshaona maduka mawili yakipoteza kumbukumbu za mauzo na madeni ya zaidi ya mwaka mzima kwa sababu mtu aliyeitwa kusaidia alipiga fomati kompyuta kabla hajauliza data zinakaa wapi. Programu iliyogoma haina maana kwamba data zimepotea. Karibu kila mara faili zenyewe ziko salama kwenye diski, na kilichoharibika ni njia ya kuzifikia. Tafuta folda ya data ya programu husika, inakili kwenye diski ya nje, kisha hakikisha kwamba nakala inafunguka.

Pili, iwashe upya kompyuta kwa kuchagua Restart, wala usitumie Shut down. Tangu Windows 8, kuzima kwa njia ya kawaida hakuuzimi mfumo endeshi wote, kwa kuwa kiini chake huhifadhiwa kwenye diski na kurejeshwa kama kilivyokuwa ili kompyuta iwake haraka. Sasisho lililoingia nusu, hasa pale umeme ulipokatika katikati ya kazi, linaweza kubaki nusu kwa siku kadhaa huku mwenye kompyuta akiizima kila jioni na kuamini kwamba ameiwasha upya kila asubuhi.

Tatu, thibitisha kwamba ni sasisho kweli. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika perfmon /rel, kisha ubonyeze Enter. Itafunguka kalenda inayoonyesha, siku kwa siku, sasisho lipi liliingia, draiva ipi (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa) ilibadilishwa na programu ipi ilianguka. Ukiandika winver kwa njia hiyohiyo, utaona toleo la Windows na namba yake kamili. Ziandike namba hizo kwenye daftari, kwa sababu ndizo mtengenezaji wa programu atakazokuuliza kwanza. Kalenda hiyo pia huwatoa lawamani wasiohusika. Tarehe 19 Julai 2024, kompyuta zinazokadiriwa na Microsoft kuwa milioni 8.5 zilianguka na kuonyesha skrini ya bluu duniani kote, na watu wengi wakadhani ni sasisho la Windows, kumbe ni programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike iliyopokea faili mbovu kutoka kwa watengenezaji wake wenyewe. Programu za ulinzi, za malipo na za ofisi hujisasisha kimyakimya kama Windows inavyofanya, na pengine usiku uleule.

Programu ya mauzo au ya uhasibu haifunguki, au inasema haioni hifadhidata

Programu nyingi za aina hii huhifadhi kumbukumbu zake ndani ya SQL Server Express, hifadhidata ya Microsoft ambayo hufanya kazi chinichini kama huduma na haionekani kwenye skrini. Kwa njia ileile ya kitufe cha Windows na R, andika services.msc na utafute jina linaloanza na SQL Server. Ikiwa huduma imesimama, jaribu kuianzisha kwa mkono. Ikikubali na programu ikafunguka, tatizo lilikuwa la kupishana muda tu: baada ya sasisho kompyuta inachelewa kuwaka, na huduma ikakata tamaa kabla diski haijawa tayari. Ibadilishe namna yake ya kuanza iwe ile ya kuchelewa kidogo (Delayed Start), na kwa kawaida hutaitwa tena kwa jambo hilo.

Ikikataa kuanza, kuna chanzo kimoja kinachostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu kimewachosha mafundi wengi na kimesababisha kompyuta nzima nzima kupigwa fomati bila sababu. Hutokea pale kompyuta inapopandishwa kutoka Windows 10 kwenda Windows 11 ikiwa na diski ya kisasa ya NVMe, aina ya SSD yenye kasi kubwa. Kila diski huutangazia mfumo endeshi ukubwa wa vipande inavyotumia kuandikia data, vinavyoitwa sekta. SQL Server inakubali sekta za baiti 512 na za baiti 4096 pekee. Diski kadhaa mpya hutangaza 8192 au 16384. Windows 10 haikuwa ikiipelekea programu namba hiyo halisi, lakini Windows 11 huipeleka kama ilivyo, na SQL Server ikiiona hukataa kufungua mafaili yake kwa kuchelea kuyaharibu. Kuiondoa na kuiweka upya hakusaidii, kwani hata usakinishaji mpya hukwama kwa sababu ileile karibu na mwisho wake, na hapo ndipo mtu huanza kufikiria kwamba diski imekufa.

Kulithibitisha ni rahisi. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, uandike fsutil fsinfo sectorinfo C: na usome mistari miwili inayoanza na PhysicalBytesPerSector na kuishia na Atomicity na Performance. Ukiona namba iliyozidi 4096, umekipata chanzo. Dalili nyingine imo ndani ya faili liitwalo ERRORLOG, lililo katika folda ya Log ya SQL Server, ambamo utakuta maneno misaligned log IOs. Tiba iliyoelezwa na Microsoft yenyewe ni kuiagiza Windows itangaze namba ya zamani, kwa amri hii moja inayoandikwa kwenye mstari mmoja:

REG ADD "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\stornvme\Parameters\Device" /v "ForcedPhysicalSectorSizeInBytes" /t REG_MULTI_SZ /d "* 4095" /f

Namba 4095 si kosa la uchapaji. Andika hivyohivyo, pamoja na nyota na nafasi iliyo mbele yake. Iwashe upya kompyuta, rudia amri ya fsutil, na ikiwa sasa inasoma 4096, anzisha huduma ya SQL Server. Data zitakuwa palepale zilipoachwa.

Upande wa pili ni pale ambapo programu inafunguka vizuri kwenye kompyuta kuu lakini kompyuta nyingine za dukani haziioni. Hapo usiigombanie hifadhidata. Angalia kama baada ya sasisho Windows imeanza kuuhesabu mtandao wenu kuwa wa umma, kwa maana mtandao wa umma hufungiwa milango mingi zaidi. Ubadilishe uwe wa binafsi, kisha hakikisha kwamba ukuta wa moto (firewall) unaruhusu mlango ambao hifadhidata hutumia, ambao kwa SQL Server mara nyingi ni 1433.

Printa haichapi

Printa ndizo zilizoumizwa zaidi na masasisho ya miaka ya karibuni, na mwaka 2021 peke yake unatosha kuwa mfano. Sasisho la tarehe 9 Machi 2021 lilisababisha skrini ya bluu kila mtumiaji alipotuma kazi kwa baadhi ya printa, zikiwamo za Kyocera, Ricoh na Zebra, na Microsoft ikalazimika kutoa marekebisho ya dharura tarehe 15 Machi na mengine tarehe 18, kwa kuwa yale ya kwanza hayakuondoa tatizo la picha na mistari kutochapwa. Miezi michache baadaye likagunduliwa tundu zito la usalama katika huduma ya uchapaji, lililopewa jina PrintNightmare, ambalo lilimwezesha mshambuliaji kuitawala kompyuta. Lilipozibwa, kanuni ikabadilika: kuanzia Agosti 2021 mtumiaji wa kawaida hawezi tena kuweka draiva ya printa inayotoka kwenye kompyuta nyingine bila nywila ya msimamizi.

Kwa hiyo, ikiwa dalili ni dirisha linalodai nywila ya msimamizi kila mtu anapotaka kuchapa, hakuna kilichoharibika. Msimamizi aingie mara moja kwenye kila kompyuta, aweke draiva yenyewe, na dirisha hilo litakoma.

Ikiwa dalili ni kosa namba 0x0000011b wakati wa kuunganisha printa iliyo kwenye kompyuta ya mwenzako, chanzo ni kwamba tangu Septemba 2021 Windows hudai mazungumzo kati ya kompyuta hizo mbili yafichwe kwa kiwango cha juu zaidi, na moja kati yake haijafikishwa kiwango hicho. Utashauriwa kwingi kuweka kipengele cha rejista ya Windows kiitwacho RpcAuthnLevelPrivacyEnabled kuwa sifuri. Ni kweli printa itafanya kazi, lakini umelifungua upya tundu ambalo sasisho lilikuja kuliziba, na kompyuta inayobeba printa ya ofisi nzima ndiyo usiyotaka iachwe wazi. Sasisha kompyuta zote mbili kwanza. Ikiwa printa ina tundu la kebo ya mtandao au Wi-Fi yake, afadhali zaidi kuiweka kwenye kila kompyuta moja kwa moja kwa anwani yake ya IP, ili uchapaji usipite tena kwenye kompyuta ya mtu yeyote.

Printa ndogo za risiti zina hadithi yake. Niliitwa kwenye duka la vipuri ambako mama mwenye duka alikuwa siku ya tatu akiandika stakabadhi kwa mkono, kidole cha shahada kikiwa cheusi kwa karatasi ya kaboni. “Fundi, kuna kijana alikuja juzi akasema printa imeungua, ninunue nyingine,” akaniambia. Niliizima printa, nikashikilia kitufe cha kusogeza karatasi huku nikiiwasha, nayo ikachapa karatasi yake ya majaribio, herufi safi kabisa. Printa iliyoungua haifanyi hivyo. Nikaandika devmgmt.msc na kufungua orodha ya milango: waya wa printa, ambao ni ule wa zamani uliounganishwa kwa adapta ya USB, ulikuwa umesajiliwa kama COM5, ilhali ndani ya mipangilio ya programu ya mauzo imeandikwa COM3. Baada ya sasisho, Windows iliitambua adapta kama kifaa kipya na kuipa namba mpya. Nilirudisha namba ya zamani katika sifa za mlango huo, nikaiwasha upya programu, na risiti ikatoka. Haikufika nusu saa. Tangu siku hiyo siangalii kitu kingine kwenye printa ya risiti kabla sijalinganisha namba hizo mbili.

Namba zikilingana na bado kimya, chunguza adapta yenyewe. Oktoba 2014, draiva mpya ya kampuni ya FTDI iliyosambazwa kupitia Windows Update ilizitambua chipu bandia zilizoiga zake na kuzifutia namba ya utambulisho, zikaacha kuonekana na kompyuta. Draiva hiyo iliondolewa baada ya kelele nyingi, lakini walioumia walikuwa watu walionunua waya dukani bila kujua kilichomo ndani. Draiva za Prolific nazo, kwenye Windows 11, huandika badala ya jina la kifaa kwamba chipu ya PL2303HXA imeondolewa sokoni tangu 2012 na umwone aliyekuuzia. Ukiona maneno hayo, usipoteze siku nzima ukitafuta draiva za zamani kwenye tovuti usizozijua. Nunua adapta nyingine yenye chipu inayotambulika.

Folda ya pamoja imetoweka, au mashine ya kuskani haitumi tena kwenye kompyuta

Hapa inafaa kuuliza umri wa mashine. Mashine nyingi za kunakili na kuskani zilizozeeka, hasa kwenye stesheneri, hutuma mafaili kwa toleo la kwanza la SMB, itifaki ambayo kompyuta hutumia kufungua folda za pamoja. Hiyo ndiyo njia iliyopitiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017, na tangu Oktoba mwaka huohuo Windows 10 mpya haiji nayo. Unaweza kuirudisha, ila sishauri hata kidogo kwenye kompyuta yenye intaneti. Tafuta programu dhibiti (firmware) mpya ya mashine kwa mtengenezaji wake, au iagize itume kwa FTP au kwa baruapepe, au skani kwenye flashi.

Ikiwa mashine si ya zamani sana na tatizo lilianza baada ya kupata Windows 11 toleo la 24H2, lililotoka tarehe 1 Oktoba 2024, chanzo huwa kingine. Kwenye matoleo ya Pro, Enterprise na Education, 24H2 inadai kila mawasiliano ya folda yatiwe sahihi, na haikubali tena kuingia kama mgeni asiye na nywila. Folda zilizokuwa zikifunguka kwa kila mtu bila kuulizwa chochote hukataa, na ujumbe unaotokea huilaumu sera ya usalama ya taasisi, hata pale ambapo hakuna taasisi yoyote, ni duka la mtu na mwanawe. Tiba ni kutengeneza mtumiaji mwenye jina na nywila kwenye kifaa kinachohifadhi folda, kisha kila kompyuta na kila skana iingie kwa jina hilo.

Kifaa kina alama ya njano, au VPN haiunganishi

Alama ya njano kwenye orodha ya vifaa humaanisha draiva imekataliwa au imeshindwa kuanza. Windows 11 ina kinga ya kumbukumbu (Memory integrity) inayozuia draiva za zamani zisizokidhi kanuni zake, na pia orodha ya draiva zenye udhaifu unaojulikana. Ukurasa wa usalama wa kifaa, ulio ndani ya Windows Security, hukutajia faili la draiva linalogombana na kinga hiyo. Mtafute mtengenezaji wa kifaa kwa jina la faili hilo. Kuizima kinga ni hatua ya kupimia tu, na ukishathibitisha chanzo uiwashe tena.

Kuhusu VPN, yaani njia iliyofichwa ya kuufikia mtandao wa ofisi ukiwa mbali, masasisho ya tarehe 11 Januari 2022 yalivunja miunganisho ya aina ya L2TP na marekebisho yakaja tarehe 17. Ni siku sita. Kwa tatizo la namna hiyo, ambapo mipangilio ni sahihi na watumiaji wengi wamepatwa kwa pamoja, kuliondoa sasisho kwa muda ni uamuzi unaofaa.

Ukiamua kuliondoa sasisho

Fanya hivyo pale kazi imesimama kabisa na hakuna njia nyingine. Ingia kwenye historia ya masasisho ndani ya mipangilio ya Windows Update, uchague lile lenye namba ya KB (namba ya utambulisho ya kila sasisho) inayolingana na tarehe ya kuanza kwa tatizo. Ikiwa kilichoingia ni toleo zima jipya, una siku 10 tu za kurudi nyuma, na kurudi huko kunategemea folda ya Windows.old, kwa hiyo usiifute kwa nia ya kupata nafasi. Kabla ya yote hakikisha unao ufunguo wa BitLocker (kufuli ya Windows inayoificha data ya diski) wenye tarakimu 48, kwani kompyuta inaweza kuudai wakati wa kurejeshwa, na bila huo hutaingia tena kwenye data zako.

Baada ya hapo sitisha masasisho. Windows inaruhusu hadi siku 35. Muda huo ni wa kufanya kazi: mwandikie mtengenezaji wa programu, umpe namba ya winver, namba ya KB na maneno kamili ya kosa kama yalivyo kwenye skrini, na umwulize kama ana toleo lililojaribiwa. Mwenye kompyuta zaidi ya moja aiache moja isiyo ya kaunta ipokee masasisho mapema, na programu zote za kazi zijaribiwe hapo kwanza, risiti ichapwe, folda ifunguliwe. Tarehe ya mwisho ya kusitisha iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa kando ya kioo cha kompyuta, kwa sababu ikifika, Windows haitakubali kusitishwa tena mpaka ipakue kila kilichokuwa kikisubiri. Siku hiyo bando liwe la kutosha, nakala ya data iwe imechukuliwa jana yake, na kazi hiyo ifanyike baada ya duka kufungwa, fundi akiwa amejulishwa.